Mzee Niliyemtunga Ikinga

Nianze na upumbavu wenyewe, maana nikiuficha utaukuta mbele ya safari na utaniacha hapo hapo. Nilidanganya kwamba nimeshaonyeshwa kaburi la babu yangu. Sikuwa nimeonyeshwa. Nilikuwa na njaa, jikoni kulikuwa na kuku, na mvua ilikuwa inanyesha. Basi.

Yaliyofuata yote ni ya kweli. Najua mtu akishakiri kuwa ni mwongo halafu akasema "niamini", unashika mfuko wako. Shika tu. Shuleni kwetu nikisema mvua inanyesha, watu wanatoka nje kuhakikisha. Lakini mwongo ana faida moja ambayo nyie wakweli hamna: anajua sawasawa kipi alikitunga na kipi hakukitunga. Huyu mzee ninayetaka kukueleza nilimtunga mimi, kuanzia kofia mpaka viatu. Ndiyo maana naweza kukuapia kwamba nilimwona.

Ilikuwa likizo ya Desemba, nimemaliza kidato cha tatu. Sisi tunakaa Tunduma, kwenye nyumba ambayo malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia yanakupigia honi ukiwa kitandani. Mama anauza vitenge sokoni. Baada ya kukaa na mimi nyumbani wiki moja, mama alisema nimechoka sana na masomo, nahitaji kupumzika, niende peke yangu Ikinga kwa wazazi wake nikakae siku saba. Aliyehitaji kupumzika unamjua.

Kwa wazazi wake nimesema kwa mazoea tu. Babu alifariki mwezi wa tisa. Mimi nilikuwa bweni na mitihani, mama akaenda kuzika, akarudi, ndipo nikaambiwa. Kwa hiyo kule Ikinga alikuwa amebaki bibi, na mama mdogo Tusekile, mdogo wake mama, ambaye hajaolewa na hana mpango huo.

Babu alikuwa mtu wa kutembea mbele. Sijui nikuelezeje. Jumapili wakienda kanisani, yeye yuko mbele kabisa na fimbo yake, bibi yuko nyuma amebeba Biblia mbili, yake na ya babu. Babu akifika njia panda hageuki. Akifika kijitoni hageuki. Wanakutana kanisani, babu ameshakaa, anamwambia, "Umechelewa." Hivyo hivyo tangu walipooana. Sikusikia hata mtu mmoja akisema babu alikuwa mbaya. Alikuwa mtu wa mbele tu.

Sasa elewa jambo moja kuhusu kwetu. Kama hukuwahi mazishi, siku utakayofika huingii ndani ya nyumba ya msiba, hata kama imepita miezi. Unasimama uani. Mtu wa pale anakushika mkono, anakupeleka kaburini, anakutaja kwa marehemu: huyu ni fulani, mtoto wa fulani, alikuwa mbali. Unatupa udongo. Kisha nyote wawili, aliyeonyeshwa na aliyeonyesha, mnarudi mnanawa mikono kwenye beseni moja hapo uani, ndipo mnaingia na kula. Huwezi kujionyesha kaburi mwenyewe, na aliyekuonyesha haachwi njiani na udongo mikononi. Mama alinirudia hayo mara tatu stendi, na mara ya mwisho alinishika sikio. "Usinywe hata maji kabla hawajakuonyesha. Umesikia?"

Nilisikia. Nikapanda gari mpaka Itumba, nikachukua bodaboda, na kipande cha mwisho nikatembea, maana mvua ikinyesha kwenye milima ile ya Ileje hata bodaboda anamkumbuka mke wake. Nilifika mchana nimelowa. Nilikuwa nimevaa raba nyeupe, mpya, lakini rangi yake ilikuwa haijulikani tena.

Mama mdogo alinipokea uani na mwavuli uliokatika mbavu mbili.

"Weka begi hapo kwenye kibaraza. Twende kabla haijazidi."

Kaburi liko chini, ng'ambo ya kahawa, unashuka kwenye utelezi halafu unapanda kurudi. Nikatazama ile njia. Nikatazama raba. Na hapo harufu ya kuku ikatoka jikoni ikanikamata.

"Nimeshapita, mama mdogo," nikasema. "Nimekatiza njia ya juu, nikapitia kabisa."

Akanitazama. "Umepita na nani? Mtu hajionyeshi."

"Kuna mzee nimemkuta pale."

"Mzee gani?"

Hapa ndipo mwongo mzuri anapotofautiana na mwongo wa kawaida. Wa kawaida angesema hamjui, akashikwa. Mimi nikamvisha mtu wangu. Koti la jeshi lisilo na kifungo hata kimoja. Kofia ya sufu. Mguu wa kulia gambuti, mguu wa kushoto kandambili. Hiyo kandambili nilijivunia sana, nakiri. Nani anaweza kutunga kitu cha kijinga kiasi hicho? Mtu akisikia lazima aseme huyu kaona kweli.

"Hapa hakuna mzee wa hivyo," akasema mama mdogo.

Bibi alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage kwenye ungo. Alikuwa amepungua. Bila kuinua kichwa akasema, "Wapo, Tusekile. Wewe huwajui wote."

Ningekuwa na akili ningeona ajabu hapo. Mimi niliona msaada.

"Na mbona hukuja naye anawe?" mama mdogo akauliza.

"Alisema ana haraka. Atakuja kunawa siku nyingine."

Mama mdogo akakunja mwavuli, akaniletea maji kwenye beseni. Nikanawa peke yangu. Bibi akaninyooshea mkono niende nikae karibu yake, nikaenda, akaushika mkono wangu uliolowa na kuupapasa kama anatafuta kitu.

"Huyo mzee," akasema polepole, "hakusema neno lolote?"

Ungeishia hapo, wewe. Ungesema hakusema, bibi, ukala kuku wako. Lakini mama alikuwa ameniambia bibi hajacheka tangu siku ya mazishi, na mimi katika ukoo huu kazi yangu ni moja tu, kuchekesha.

"Alisema babu kasimama," nikamwambia.

"Kasimama wapi?"

"Njiani huko. Kasema njia ina utelezi na wewe unajulikana kwa kuchelewa, kwa hiyo kasimama anakusubiri."

Bibi akacheka. Si kucheka kwa adabu. Alicheka mpaka ungo ukapinduka na maharage yakatawanyika kibarazani. "Kasimama? Mzee wangu yule?"

"Kasimama kabisa, bibi. Na kashika Biblia zote mbili."

Hapo akaacha kucheka. Akatazama mvua, macho yamelowa, uso mwepesi kama wa msichana. Kisha akasema, "Basi nisimcheleweshe."

Nilidhani ananirudishia utani. Mama mdogo akanipakulia ndizi na kuku, paja na mgongo, na bibi akanisogezea sahani yake na yeye, akasema ameshiba. Nikala zote mbili. Ni jambo ambalo silifurahii kulisimulia, lakini nimesema nitasema kweli.

Asubuhi yake bibi aliamka kabla ya sisi sote, akachemsha maji, akaoga, akavaa kitenge alicholetewa na mama mwaka juzi ambacho hakuwahi kukivaa. Akamwita mama mdogo akamkabidhi ufunguo wa sanduku. Akamwonyesha kuku yupi ni wa nani. Mama mdogo akampelekea uji, akaukataa.

"Safari ya utelezi haiendwi na tumbo zito," akasema, na akatabasamu upande wangu kana kwamba sisi wawili tunajua kitu.

Hakula mchana. Hakula usiku. Maji alikuwa anagusisha mdomoni tu. Siku iliyofuata akahamisha kiti chake, akakiweka uani kuelekea njia inayopanda kutoka kaburini, akakaa na mkoba mapajani. Miguu ilikuwa imeanza kutetemeka akisimama, lakini alikuwa anaimba. Wimbo wa kanisani, kwa sauti ya puani, kwa Kindali, mstari mmoja unajirudia.

Mama mdogo alinivuta nyuma ya jiko.

"Huyo mzee wako alisema nini kingine?"

"Hakusema kingine."

"Bibi yako hajala siku ya pili sasa. Sikia, mwanangu. Kama kuna utani umeufanya hapa, uutoe leo. Sitakupiga."

Nikaapa. Naapa vizuri, hata mimi huwa nakaribia kujiamini. Yeye akasema basi ni homa, kesho tutamtafutia usafiri tumpeleke hospitali, kama atakubali kubebwa.

Unaniuliza kwa nini sikusema. Si fimbo, fimbo nimezizoea. Ni kwamba bibi alikuwa anafurahi. Tangu nizaliwe sikuwahi kumwona amefurahi namna ile. Angekuwa bibi yako, ungeanzia wapi? "Bibi, hakuna anayekusubiri"? Jaribu kulisema kwa sauti hapo ulipo, halafu uniambie lilikuwaje mdomoni.

Jioni ile mama mdogo akanituma nikampigie mama simu. Pale nyumbani mtandao haukamati, unapanda mpaka kwenye kilima juu ya kanisa, unasimama karibu na nguzo, unageuka geuka mpaka mistari miwili itokee. Nikapanda. Mama akapokea, nyuma yake nasikia mteja anabishana bei.

"Bibi anaendeleaje?"

"Anacheka," nikasema. Hilo lilikuwa kweli.

"Anacheka? Asante Mungu. Anakula?"

"Anakula."

Akasema vizuri, akaniambia nipumzike, akakata. Nilikaa pale kwenye nguzo kidogo. Nilikuwa nimepanga kumweleza, unajua.

Wengi wanaosimulia mambo haya watakuambia yalitokea usiku wa manane. Yangu yalitokea saa kumi jioni, nikiteremka, nikiwa na simu mfukoni na asilimia arobaini ya chaji. Ukungu ulishuka tu. Ileje ukungu hauombi ruhusa: unaona mgomba, huuoni. Nikapunguza mwendo kwa sababu ya utelezi, nikawa natazama nilipokanyaga, na ndipo nikaziona alama. Mguu wa kulia, gambuti, na yale meno yake ya soli. Mguu wa kushoto, kandambili, bapa. Zilikuwa zinateremka kama mimi. Zilikuwa mpya, maji yalikuwa bado yanajikusanya ndani yake.

Nilifanya hesabu ambayo wewe ungeifanya. Nikasema kuna mzee masikini hapa kijijini anayevaa hivyo kweli, nimebahatisha. Bibi si alisema wapo? Nilijisikia nafuu, hata nikacheka kidogo.

Alikuwa amesimama pale njia inapogawanyika, moja ya nyumbani, moja ya kaburini. Koti la jeshi. Nikatafuta vifungo, sikuona. Kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi. Uso wake ulikuwa uso wa mzee, lakini sina cha kukuambia juu yake, na nimeshajaribu. Pua alikuwa nayo. Macho alikuwa nayo. Baadaye nilielewa kwa nini siwezi kuueleza: nilipokuwa namtunga, uso nilikuwa nimeuruka.

"Marahaba," akasema.

Mimi nilikuwa bado sijamwamkia.

"Umenawa?" akauliza.

"Nimenawa."

"Peke yako."

Akainua mikono yake, viganja juu. Ilikuwa na udongo mwekundu mpaka kwenye vifundo, mbichi, unaong'aa.

"Mimi bado," akasema. "Nilikuonyesha, ukaniacha na udongo. Ulisema nitakuja kunawa siku nyingine. Nimekuja. Nipeleke."

Hakuwa mkali. Nataka uelewe hilo, maana watu wakisimulia mashetani wanayapa sauti nzito. Huyu alizungumza kama fundi aliyeitwa kazini na mwenye nyumba hayupo. Alikuwa na haki yake.

"Na yule mama yuko tayari?" akauliza. "Ulimpa ule ujumbe wangu?"

"Nilimpa," nikasema. Niamini, mdomo wenyewe ulijibu.

"Vizuri. Twende. Nikishanawa nitamshika mkono."

Nilitaka kumwambia maji yamekatika. Ndivyo kichwa changu kilivyo, hata mbele ya kitu kama kile kinaleta uongo mwingine mdogo wa kuziba ule mkubwa. Lakini miguu ilikuwa imeshaanza kutembea kwenye njia ya nyumbani. Yeye nyuma yangu. Gambuti linasema pwa, kandambili inasema chapa. Pwa, chapa. Pwa, chapa. Nikiharakisha anaharakisha. Nikipunguza anapunguza. Hapumui.

Tukafika kwenye uzio wa matete, pale ambapo unaona ua wote. Mama mdogo alikuwa ameinama anamimina maji kwenye beseni, sijui ya kuoshea nini. Bibi alikuwa kwenye kiti chake, mkoba mapajani. Akainua kichwa kuelekea kwenye ukungu. Akatabasamu. Akaweka mkono mmoja kwenye kiti na kuanza kunyanyuka, kwa shida, kama mtu aliyesikia gari lake linakuja.

Nilisimama. Sikugeuka.

"Hukunionyesha," nikasema.

Pwa. Kisha kimya.

"Sema."

"Hukunionyesha kaburi. Mimi sijafika kaburini. Nilikuwa na njaa. Hakuna ujumbe uliotoa. Wewe nilikutunga mimi."

"Niite jina, kama ni wako."

"Huna jina," nikasema. "Sikukupa."

Nilisikia baridi shingoni, hiyo inaweza kuwa ukungu tu, sitaki kuongeza chumvi. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyeachwa na gari la mwisho, "Ungenipa."

Na nikasikia pwa, chapa, pwa, chapa, ikirudi nyuma, ikishuka upande wa kaburini. Sikutazama. Kama unataka msimuliaji aliyetazama, tafuta mwingine.

Nikaingia uani nikapiga magoti mbele ya bibi kabla hajamaliza kusimama, nikasema yote kwa sauti, mama mdogo akisikia. Kwamba sikuonyeshwa. Kwamba mzee ni wa kutunga. Kwamba babu hakutuma neno.

Mama mdogo aliweka ndoo chini. Aliahidi hatanipiga, akatimiza.

Bibi alibaki amenyanyuka nusu, mkono kwenye kiti.

"Kwa hiyo hajasimama," akasema.

"Sijui, bibi."

"Na Biblia?"

"Nilitunga."

Akakaa. Akautoa mkoba mapajani akauweka chini, kando ya kiti, taratibu, akaulaza vizuri usianguke. Uso wake ukarudi kuwa ule wa siku nilipofika. Niliuona ukirudi. Kisha akamwambia mama mdogo, "Nipe uji."

Alikunywa bakuli zima bila kututazama. Akaongezwa, akanywa nusu. Mama mdogo akageukia ukutani akawa anafuta macho kwa kanga, maana siku zile mbili yeye alikuwa ameshaanza kumzika mama yake kichwani. Bibi aliishi. Yupo mpaka leo, anakula, anapalilia. Hilo ndilo nililolinunua, na bei yake ninaijua.

Kabla giza halijaingia walinipeleka kaburini. Mama mdogo alitaka kunishika mkono yeye, bibi akakataa, akanishika mwenyewe, ingawa miguu yake ilikuwa haina nguvu na ilibidi mama mdogo amshike na yeye. Tukashuka hivyo, watu watatu kwenye utelezi. Bibi akasimama kwenye kichwa cha kaburi akasema, "Huyu ni mjukuu wako, mtoto wa binti yako mkubwa. Alikuwa mbali. Ni mwongo, lakini ni wa kwetu." Nikatupa udongo.

Pembeni ya msalaba kulikuwa na alama. Gambuti na kandambili, zimesimama sambamba, vidole kuelekea kaburi, mahali hasa ambapo anasimama mtu anayeonyesha. Za kufika zilikuwepo. Za kuondoka hazikuwepo. Mama mdogo aliziona kabla yangu. Alikata tawi la kahawa akazifuta, na tulipofika nyumbani tukanawa watatu kwenye beseni moja, na maji akaenda kuyamwaga mbali.

Nilimaliza siku zangu saba. Nilipumzika, kama ulitaka kujua. Nilichota maji, nilipalilia mahindi, nililala mapema. Jaribio la utani nilifanya moja, siku ya mwisho, juu ya jogoo wa jirani. Ni utani mzuri, shuleni unaangusha darasa. Bibi aliniambia, "Vizuri, mjukuu wangu," akaendelea kumenya ndizi.

Sijaacha kudanganya, nisikudanganye. Lakini sasa nadanganya kwa vitu. Nasema gari liliharibika, daftari lililowa, mtandao haukuwepo. Mwalimu akiniuliza "Nani kakuambia?" nanyamaza, napokea adhabu. Na nikinawa mikono mahali penye watu, siondoki mpaka nione aliye nyuma yangu amefika kwenye maji. Wenzangu wanadhani nimekuwa na adabu.

Wewe unayesoma hili, kama kuna kaburi hujaonyeshwa, nenda ukaonyeshwe, hata kama una raba nyeupe. Na kama ni lazima udanganye, danganya kwa mvua. Usidanganye kwa mtu. Mtu ukishamtunga anakuwa na mahitaji yake, na atakuja kuyadai kwako, kwa sababu hana mwingine anayemjua.

Nilimweleza mama siku niliyorudi Tunduma, jioni, tukifunga kibanda. Nilimweleza yote, pamoja na ile simu. Alikuwa anakunja vitenge, na hakuacha kukunja. Nilingoja anipige, au anikemee kwa kula kabla ya kuonyeshwa, au aniulize juu ya yule mzee. Hakumuulizia hata kidogo. Alipanga mzigo wote, akaufunga kamba, akaukalia. Kisha alisema hivi, neno kwa neno:

"Baba hakuwahi kusimama kumsubiri mama, hata mara moja, mpaka anakufa. Wewe umemsimamisha siku mbili. Sasa niambie, mimi nitampa mama nini badala yake."